Juu ya Kufuta Kanuni Kuukuu za Mafundisho ya Waalimu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Tumeagizwa na Halmashauri ya Chama tuseme machache leo juu ya waalimu. Labda wako watakaouliza, "Sisi tu watumishi wa Serikali, na waalimu wana Tume yao na vyama vyao, mbona twajitia katika mambo ya nyumba ya jirani?" Swali hilo ni la haki, na jawabu lake lina sehemu tatu. Kwanza, watoto wanaofundishwa na waalimu hao ni watoto wetu. Pili, katika Chama hiki wamo wengi walioshika chaki kabla ya kushika kalamu ya ofisi. Tatu, na hili ndilo kubwa, kanuni za waalimu haziendi kwa miguu yake zenyewe. Hupita mezani kwa karani. Karani ndiye afunguaye faili, asomaye waraka, na kumwambia mwalimu, "Karatasi yako imekubaliwa," ama, "Rudi mwezi ujao." Kwa hivi kanuni ikiwa mbaya, mkono unaoifanyia kazi ni mkono wetu.

Neno letu ni moja, nasi twaliweka mbele kusudi mtu asipotee njiani. Kanuni ya kumtaka mwalimu aongeze ujuzi haina budi kupimwa kwa kile kinachofika darasani. Isiyofika darasani na ifutwe. Na ikifutwa, ifutwe kwa maandishi, waziwazi, pamoja na kuhifadhi haki ya yule aliyeitii zamani. Kuiacha kanuni ife kimyakimya ndani ya kabati si kuifuta.

Tuanze na jambo dogo tulilolishuhudia wenyewe. Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, alikuja mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa makamo, amechukua bahasha. Ndani yake mlikuwa na vyeti sita vya mafundisho ya wakati wa likizo, kila kimoja kimepigwa muhuri. Alivitafuta kwa miaka mingi, maana waraka wa zamani ulisema kwamba vyeti vya namna ile vitatiwa katika hesabu ya kupandishwa cheo. Karani akatazama fomu mpya. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika vyeti vile. Akatazama waraka mpya. Waraka haukusema kwamba vyeti vya zamani vimefutwa, wala haukusema kwamba vyakubaliwa. Akafanya kama afanyavyo karani mwenye hofu: akamwambia mwalimu aviache, vitapelekwa kwa wakubwa. Bahasha ikalala kabatini. Mwalimu akarudi mara nne. Mara ya tano hakurudi, na vyeti vilikuwa vingalimo kabatini.

Wenzetu, katika habari hiyo hapana mtu aliyeiba wala aliyetukana. Karani hakuwa mwovu, wala wakubwa wake hawakuwa wavivu kupita watu wengine. Kilichomdhulumu mwalimu yule ni kanuni mbili, moja haikufa na moja haikuzaliwa sawasawa. Wazee walisema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini katika makabati yetu wamo mafahali wawili, watatu, hata wanne, na anayekanyagwa ni mwalimu.

Yafaa tujue mambo haya yalianzaje, maana wengi hudhani kwamba kumfundisha mwalimu aliye kazini ni jambo la juzi. Mwaka 1907 bibi mmoja wa Philadelphia, Marekani, jina lake Anna T. Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za mashambani za watu weusi wa majimbo ya kusini. Mwaka 1908 Bibi Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa Henrico katika jimbo la Virginia, akawa wa kwanza kushika kazi ya ualimu wa Jeanes. Kazi hiyo haikuwa kuwakusanya waalimu ukumbini na kuwahutubia. Ilikuwa kuwaendea walipo: shule hii leo, shule ile kesho, kuketi na mwalimu, kumwonyesha jambo kwa vitendo, na kurudi tena kutazama kama jambo lile limeshika.

Habari hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki kutazama elimu ya Waafrika, na mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, chini ya Bwana J. W. C. Dougall, aliyekuwa mwandishi wa tume ile. Waalimu waliokuwa wamekwisha kufundisha walikwenda pale pamoja na wake zao, wakafunzwa, kisha wakatumwa kuzizungukia shule za vijijini. Hatusemi kwamba mpango ule ulikuwa mwema kwa kila jambo. Ulitungwa na watawala, na wazee wengi waliushuku kwamba shabaha yake ni kumweka Mwafrika shambani na kumchelewesha katika elimu ya juu. Shaka yao haikuwa ya bure. Hata hivyo njia yenyewe ilikuwa na akili: mwalimu humwendea mwalimu, humwona akifundisha, na humsaidia pale pale aliposimama.

Tena yako mambo yatakayowapendeza wanachama kuyasikia. Mahali pale pale Kabete, mwaka 1961, palifanywa chuo cha kuwafunza watumishi wa Serikali, nacho tangu 2012 chaitwa Kenya School of Government. Basi mtumishi aliyepelekwa Kabete kwa mafunzo ya kazi amekanyaga njia zile zile za waalimu wa Jeanes. Nyumba yetu na nyumba ya jirani zilijengwa kiwanja kimoja.

Je, karatasi ilipataje kushika mahali pa ziara? Hapa hatuna budi kusema kwa haki. Baada ya Uhuru wa 1963 shule ziliongezeka upesi, na madarasa mengi yalikuwa na waalimu ambao hawakupata mafunzo yo yote ya ualimu. Mwaka 1967 Tume ya Huduma kwa Waalimu ilianza kazi, ili waalimu wote wawe na mwajiri mmoja mahali pa waajiri wengi. Palikuwa na madaraja ya P3, P2 na P1, na mwalimu aliyesoma na kufaulu alipanda. Kanuni hiyo ilifaa kwa wakati wake. Mtu asiyejua kitu alitakiwa ajifunze, na cheti kilikuwa ushahidi kwamba amejifunza. Kanuni kuukuu, mabwana, haikuzaliwa kuukuu. Siku ya kuzaliwa kwake ilikuwa na sababu, na atakaye kuifuta sharti kwanza aijue sababu hiyo, asije akaondoa nguzo akidhani ni kuni.

Lakini sababu ilipokwisha, kanuni ilibaki. Waalimu wenye mafunzo waliongezeka, na cheti, ambacho kwanza kilikuwa ushahidi wa kujifunza, kikawa ndicho kitafutwacho. Mwalimu wa shule ya msingi akaona kwamba akijipatia digrii atapandishwa. Akakopa, akauza ng'ombe, akasoma wakati wa likizo. Hatumlaumu hata kidogo. Alifuata njia aliyoonyeshwa na mwajiri wake. Ila hapana aliyeuliza kama mtoto wa darasa la pili amesoma vizuri zaidi kwa sababu ya digrii ile. Kanuni haikuagiza swali hilo liulizwe.

Mwaka 2012 Bunge la Kenya lilitunga Sheria mpya ya Tume ya Huduma kwa Waalimu, na ile ya zamani ikafutwa. Kifungu cha 35 cha Sheria hiyo kinaiagiza Tume imtake kila mwalimu aliyeandikishwa afuate mipango ya kukuza ujuzi wake, na achukue cheti cha kufundishia kwa namna itakayowekwa na kanuni. Mwaka 2015 kanuni za kuwaongoza waalimu zikatungwa. Kisha ukaja mwongozo mpya wa kupanda vyeo, ulioandamana na mapatano ya mishahara ya miaka 2017 hadi 2021. Katika mwongozo huo digrii peke yake haikuwa tena ngazi ya kupandia.

Huenda fikira ile ilikuwa njema. Lakini tazameni yaliyofuata. Miundo ya utumishi ya zamani ilikuwa haijaondolewa kwa namna iliyokubaliwa na pande zote, na chama cha waalimu, KNUT, kikaenda mahakamani. Hukumu ilitolewa Nairobi mwezi wa Julai 2019, na baada yake waalimu wakagawanyika makundi mawili: waliokuwa wanachama wa KNUT wakahesabiwa kwa miundo ya zamani, na wengine kwa mwongozo mpya. Waalimu wawili wa shule moja, wenye ujuzi mmoja na miaka sawa ya kazi, waliweza kupata mishahara mbalimbali kwa sababu ya kadi ya chama. Wanachama wengi mno wakakihama chama kile wasikose nyongeza. Hatukuja hapa kuamua nani alikuwa na haki, Tume ama chama. Mahakama ilikwisha kusema lake. Sisi twatazama kazi ya karani. Kanuni ya zamani haikuzikwa sawasawa, ikafufuka, na ilipofufuka iliwagombanisha ndugu.

Hilo ndilo fundisho la kwanza: atakaye kufuta, na afute kwa ukamilifu.

Fundisho la pili ni la mwaka 2021. Mwezi wa Septemba mwaka huo Tume ilitangaza mpango wa kukuza ujuzi wa waalimu wote. Kama ulivyotangazwa, ulikuwa na mafungu sita ya mafundisho. Kila fungu lilikuwa la miaka mitano, na mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kila mwaka kwa chuo kimoja miongoni mwa vyuo vilivyochaguliwa. Makarani mjuao hesabu, fanyeni hesabu hiyo: sita mara tano ni miaka 30, na miaka 30 kwa shilingi 6,000 ni shilingi 180,000. Waalimu na vyama vyao wakalalamika. Wengine mjini wakacheka, wakisema, "Shilingi 6,000 kwa mwaka ni kitu gani?" Wazee wana jawabu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kuchukua ndiye ajuaye uzito.

Nasi twasema zaidi ya hayo. Sheria inaposema kwamba mwajiri atamtaka mwalimu ajifunze, mwajiri ndiye atakaye jambo hilo, naye ndiye apatapo faida ya ujuzi ule pamoja na wananchi. Sisi tunapopelekwa kwenye mafunzo kwa amri ya ofisi, hutazamia ofisi ibebe gharama. Mbona iwe haki kwetu, na kwa mwalimu iwe anasa? Tena kanuni inayomtoza mtu fedha ili aendelee na kazi yake mwenyewe humtia moyo mbaya kabla hajafungua kitabu. Atahudhuria ili apate cheti, nacho chuo kitafundisha ili kipate ada, na karani ataandika "amehudhuria." Wote watatu watakuwa wametii kanuni, na darasani hakuna kilichobadilika.

Wako watakaosema kwamba shida hii ni ya nchi maskini. Sivyo. Turudi kidogo Marekani, kule alikotoka mwalimu wa Jeanes. Huko, katika majimbo mengi, ilikuwa desturi mwalimu akusanye saa ama alama za mafundisho kabla ya kuandikishwa upya, mara nyingi kila miaka mitano. Mwaka 2015 shirika la elimu liitwalo TNTP lilitoa taarifa juu ya wilaya tatu kubwa za shule. Taarifa ilisema kwamba wilaya zile zilitumia kadiri ya dola 18,000 kwa mwalimu mmoja kwa mwaka katika kumwendeleza, na kwamba shughuli hizo zilikula siku za kazi zipatazo 19 za mwaka. Hata hivyo kadiri ya waalimu watatu tu katika kila kumi walionekana kuongezeka ubora kwa kiasi kikubwa katika miaka michache iliyochunguzwa, na wachunguzi hawakuweza kuonyesha kwamba ni mafundisho gani yaliyowaongeza. Basi tatizo silo uchache wa mali peke yake. Nchi yenye mali huweza kuhesabu saa kwa ghali na isipate kitu.

Majimbo mawili yalifanya mabadiliko, kila moja kwa njia yake, nayo yafaa kulinganishwa. Jimbo la Georgia liliacha kuhesabu alama za masomo, na tangu Julai 2017 likataka mwalimu awe na malengo ya kujifunza yatokanayo na kazi yake, aliyopatana na wakubwa wake shuleni. Kwa maneno mengine, kipimo kilitolewa ukumbini kikarudishwa shuleni. Jimbo la Wisconsin lilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2017, mwalimu aliyemaliza mihula sita ya kufundisha kwa leseni ya muda huweza kupewa leseni ya maisha, asiulizwe tena kila miaka mitano. Kule Georgia kanuni ilifutwa, nyingine ikawekwa mahali pake. Kule Wisconsin mlango ulifunguliwa, na kujifunza kukaachiwa shule na mwalimu mwenyewe.

Sisi twaipenda zaidi njia ya kwanza. Mtoto wa kijijini hana wakili. Mwalimu akiacha kujifunza, mtoto hawezi kuandika barua ya kulalamika, maana hata kuandika bado hajafundishwa. Kwa hivi hatusemi kanuni zote zitupwe. Twasema ya kuhesabu karatasi iondoke, ya kutazama kazi ishike mahali pake.

Je, hilo lawezekana katika nchi yetu? Limekwisha kuwezekana. Mnaukumbuka mpango wa Tusome, ulioanza 2015 kwa kusoma Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya chini, katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kabla yake palifanywa jaribio lililoitwa PRIMR, na katika jaribio hilo njia mbalimbali zililinganishwa. Ilionekana kwamba kumfunza mwalimu na kumtembelea, pasipo vitabu, kulileta faida ndogo. Kila mtoto alipopewa kitabu chake, faida ilizidi. Na mwalimu alipopewa pia kitabu cha kumwongoza somo kwa somo, faida ilizidi tena. Basi mambo yote manne yakachukuliwa pamoja: mafunzo, ziara, kitabu cha mtoto na kitabu cha mwalimu.

Na ni nani waliofanya ziara? Ni maafisa wa kusaidia mtaala, watu waliokuwa tayari katika utumishi. Zamani wengi wao walishinda ofisini, kwa kuwa hawakuwa na nauli ya kwenda shuleni. Katika Tusome walipewa vibao vya kompyuta vya mkononi. Afisa aliketi nyuma ya darasa, akamtazama mwalimu, akawasikiliza watoto watatu wakisoma, akazungumza na mwalimu baada ya somo. Kibao kilionyesha mahali alipokuwa, na nauli yake ikarudishwa kwa kadiri ya ziara alizozifanya kweli. Tazameni, mabwana, jinsi kanuni ndogo ya nauli ilivyofanya kazi ambayo nyaraka kubwa hazikuweza. Zamani afisa alihesabiwa kwa taarifa alizoandika. Hapo alihesabiwa kwa mlango wa darasa aliouingia. Je, huyu si mwalimu wa Jeanes aliyerudi, safari hii ametumwa na Serikali ya wananchi wenyewe?

Twajua mtu atasimama aseme, "Maneno hayo ni mazuri, lakini mkiondoa vyeti mtapima kwa nini? Cheti hakina upendeleo. Afisa mtembezi aweza kumpenda huyu na kumchukia yule." Hoja hii ni nzito, wala hatuidharau. Cheti kina sifa moja njema: hakijui kabila la mtu wala hakipokei mbuzi. Jawabu letu ni kwamba ziara isiwe ya mtu mmoja wala ya mara moja. Taarifa yake isomwe na mwalimu naye aitie sahihi, na akiikataa awe na mahali pa kupeleka neno lake. Tena ziara ya kumsaidia mwalimu isiwe ndiyo ziara ya kumhukumu. Mwalimu akijua kwamba aliyeketi nyuma amekuja kumkata mshahara, atafundisha somo lile alilolikariri kwa ajili ya wageni, na shida yake ataificha. Mgonjwa hamfichi tabibu, ila humficha askari.

Sasa tuje kwenye kazi yetu sisi. Mwaka 2013 Bunge lilitunga Sheria juu ya kanuni zote zitungwazo kwa uwezo wa Sheria nyingine. Makarani wengi hawajaisoma, nayo ni silaha nzuri. Inasema kwamba kanuni ya namna hiyo hukoma yenyewe ikitimiza miaka kumi tangu kutungwa, isipokuwa imefutwa mapema, ama imesamehewa, ama imeongezewa muda kwa taratibu za Sheria hiyo. Tena haihusu zile ziitwazo kanuni tu. Yahusu hata amri, mwongozo, fomu na ada, maadamu zimetolewa kwa uwezo uliotokana na Sheria. Na kanuni mpya ikitungwa, watakaoguswa nayo sharti waulizwe, na ipelekwe Bungeni ndani ya siku zilizowekwa. Isipopelekwa, haina nguvu.

Basi kila karani mwenye faili la mambo ya waalimu aweza kufanya hesabu. Kanuni iliyotungwa 2015 ilitimiza miaka kumi 2025. Waraka uliotegemea kanuni hiyo unasimama juu ya nini? Ni swali la karani, si la mwanasiasa, wala haliko mwiko kuulizwa kwa adabu katika barua kwa mkubwa wa kazi.

Kwa hivi twaleta mashauri manne mbele ya mkutano.

La kwanza, kila ofisi inayoshika mambo ya waalimu ifanye orodha ya nyaraka zake zote zinazohusu kuongeza ujuzi na kupanda vyeo, pamoja na tarehe zake, na mbele ya kila mmoja iandikwe: unafanya kazi, umefutwa, au haujulikani. Zile zisizojulikana ndizo zitakazotushangaza kwa wingi wake.

La pili, kila waraka mpya utaje kwa namba na tarehe waraka uliofutwa nao. Usiandikwe tu kwamba "nyaraka zote zilizotangulia zinazopingana na huu zimefutwa," maana maneno hayo humwachia karani kazi ya hakimu.

La tatu, aliyekwisha kutimiza masharti ya kanuni ya zamani kabla ya kufutwa kwake asipoteze. Vyeti vyake vihesabiwe kwa kipimo cha siku alipovipata. Mwalimu aliyeuza ng'ombe kwa kuamini neno la Serikali asiambiwe kwamba Serikali ilibadili nia alipokuwa njiani kwenda mnadani.

La nne, fedha za mafundisho yanayoamriwa zitoke kwa anayeamuru. Na sehemu kubwa itumike kwa nauli ya watembezi, vitabu, na saa za waalimu kukaa pamoja shuleni kwao, kabla ya kulipia kumbi na vyeti.

Mashauri haya hayahitaji mtu mkubwa kuyaanza. Lile la kwanza laweza kuanza Jumatatu asubuhi kwa karatasi moja na kalamu moja. Chama chetu hakina uwezo wa kufuta hata mstari mmoja wa sheria, na yafaa tulijue hilo tusijidai. Lakini tunao uwezo wa kujua kilichomo kabatini, na wa kutokumwambia mtu "rudi mwezi ujao" kwa sababu ya waraka ambao hata sisi hatujui kama ungali hai.

Wazee walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kutunga kanuni ni kupanda. Kila mtu hushangilia, na picha hupigwa. Kuifuta ni kushuka. Miiba iko njia nzima, wala hapana anayepiga makofi. Watakaotufaa ni wale walio tayari kushuka polepole, wakitazama kila tawi, wasiwaangukie waliosimama chini.

Na yule mwalimu wa bahasha? Wanachama wawili wa Chama hiki waliitafuta baadaye katika lile kabati, wakaipata, wakaiandikia barua ya kuuliza wazi: je, vyeti hivi vya zamani vyakubaliwa ama havikubaliwi, na kwa waraka gani? Jibu lilichukua miezi, lakini lilikuja kwa maandishi. Vitatu vilikubaliwa, na vitatu vikakataliwa kwa sababu iliyotajwa. Mwalimu hakufurahi kabisa, ila alisema neno ambalo twaliacha nanyi: "Afadhali nimeambiwa." Alidai jambo dogo hilo, naye alilingoja kwa miaka.

Sasa tu tayari kusikia maswali, na zaidi ya maswali, kusikia nani ataanza orodha ya ofisi yake.